Bega Langu Mbele ya Mama Mkwe

Mkutano ule wa usharika ulikuwa wa kupanga namna ya kumuaga mchungaji wetu, na hoja ya kumpa ng'ombe wa maziwa niliitoa mimi mwenyewe. Nilisimama nikaeleza jinsi familia ya mchungaji inavyopenda maziwa mgando, na jinsi huko anakohamia kulivyo na majani mengi. Watu waliitikia kwa vichwa. Mwenyekiti akasema wanaounga mkono hoja wanyooshe mikono juu, na ukumbi mzima ukanyoosha. Mkono wangu wa kulia ulipanda mpaka usawa wa mfuko wa shati, ukakwama, na maumivu yakanichoma begani kama bisibisi iliyotoka motoni. Nikaushusha. Mwenyekiti aliniangalia kwa juu ya miwani yake, kisha akauliza kama kuna wanaopinga. Wakati huo nilikuwa nimelishika bega kwa mkono wa kushoto, kiwiko kikiwa kimesimama kidogo, na yeye akakihesabu kiwiko. Ikatangazwa kwamba hoja imepita, mtoa hoja akipinga.

Njiani kurudi nyumbani mke wangu aliniuliza taratibu kama nina ugomvi na mchungaji.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nina duka dogo mjini Arusha, ila nyumba yetu iko Tengeru, juu kidogo ya soko, kwenye kipande cha kihamba, shamba la ukoo, nilichoachiwa na baba yangu. Kushona ni kazi ya kukaa, na kama ingekuwa kushona tu nisingeumwa. Lakini mapazia yakishashonwa lazima yatundikwe, na kutundika nilikuwa natundika mwenyewe, kwa sababu fundi mwingine akitundika vibaya lawama inarudi kwa aliyeshona. Kwa hiyo miaka mingi ya maisha yangu nimeipitisha nikiwa nimenyoosha mikono juu ya kichwa, drili mkononi, vumbi la saruji likinidondokea machoni.

Bega lilianza kwa kunung'unika, kisha likagoma. Sikuweza kulilalia. Sikuweza kuchomekea shati kwa nyuma. Kitu cha ajabu ni kwamba mtu mwingine akiniinulia mkono mpaka juu kabisa, huko juu palikuwa na amani. Vita vyote vilikuwa katikati. Nilipokuwa chini nilikuwa mzima, nikifika juu nilikuwa mzima, ila njia ya kutoka chini kwenda juu ndiyo ilikuwa imefungwa.

Kazi nayo ikaanza kushuka, nikimaanisha kushuka hasa. Mteja mmoja wa Engutoto, mama mwenye nyumba mpya, aliniita tena kunionyesha kwamba bomba la pazia nimelifunga chini ya ukingo wa juu wa dirisha, kiasi kwamba mtu mrefu akipita nje anachungulia sebuleni bila taabu. Nilimwambia kwamba ndiyo mtindo wa sasa, unaruhusu mwanga. Aliangalia sana, akakubali. Baada ya muda jirani yake akanipigia simu akitaka mtindo huohuo.

Nyumbani tulijaribu kila kitu. Mke wangu alinichua kwa dawa yenye harufu kali mpaka paka akahama chumba. Jirani yetu, mzee wa Kimeru anayejua mifupa ya ng'ombe, alisema ni baridi ya mlima imeingia kwenye kiungo na sasa haioni pa kutokea, akaniletea mafuta ya nyonyo. Baridi haikutoka. Mwishowe mke wangu akasema yatosha, akanipeleka hospitali kama anavyopelekwa mtoto, akiwa ameshika mkono wangu ule mzima.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye vidole virefu. Alinieleza kwamba juu ya bega kuna mfupa uliokaa kama paa, na chini ya paa hilo inapita kano inayosaidia kuinua mkono. Kwangu mimi paa lilikuwa limeota ncha kama mdomo wa ndege, nafasi imekuwa finyu, na kila nikiinua mkono kano inabanwa na kusuguliwa. Nikamwambia nimeelewa, ni kama reli ya pazia iliyokanyagwa, vibanio vinafika pale penye bonde vinakwama. Alifurahi mno. Nikiwa bado kwenye benchi la nje nasubiri dawa, nilimsikia akimwelezea mgonjwa aliyefuata habari ya reli ya pazia, na bibi yule akimjibu kwamba nyumbani kwake hakuna pazia, kuna mlango tu.

Hawakukimbilia kupasua. Kwanza walinipa vidonge, kisha sindano begani, kisha nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye alinifundisha kuning'iniza mkono na kuuzungusha kama mtu anayekoroga uji. Wengi, alisema, hupona kwa hayo. Mimi nilipata nafuu, nikarudi juu ya ngazi, na bega likarudi pale pale. Ndipo daktari akasema wataingia kwa matundu madogo, wapitishe kamera nyembamba, na wasage ile ncha ya mfupa ili kano ipate pa kupita. Nilimuuliza anasaga kwa kutumia nini. Akasema kwa kifaa kidogo kinachozunguka kama drili. Nilikuwa nimetoboa kuta za watu wengi, sasa ilikuwa zamu yangu.

Asubuhi ya upasuaji, kila aliyepita kitandani kwangu aliniuliza ni bega lipi. Muuguzi wa kwanza aliuliza, nikasema la kulia. Wa pili akauliza, nikasema la kulia. Akaja wa dawa ya usingizi naye akauliza, na hapo nikaanza kuwa na mashaka. Nilijaribu kuyainua yote mawili nihakikishe. Daktari mwenyewe alipokuja aliuliza tena, kisha akanichorea mshale kwa kalamu ya wino, ukielekea begani. Mke wangu alisema bora wangechora msalaba kwenye lile lisilohusika, na daktari akamwambia kwa upole kwamba hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Nilipozinduka, upasuaji ulikuwa umekwisha na koo lilikuwa kavu. Nikapapasa shuka kwa mkono wa kushoto, nikagusa mkono wa mtu. Ulikuwa mzito, wenye joto, umelala kifuani kwangu bila aibu. Nilidhani ni mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nikauondoa kwa adabu, ukarudi. Nikamwita muuguzi nikamwambia kuna mtu ameniwekea mkono. Alikuja, akacheka hata akashika chuma cha kitanda, akanieleza kwamba mkono ni wangu, ni ganzi tu waliyonichoma shingoni haijaisha. Ilipoanza kuisha niliijutia sana ile hali ya kuwa na mkono wa mtu mwingine.

Niliruhusiwa mapema kuliko nilivyotarajia, mkono ukiwa umening'inizwa kifuani kwa mkanda wa kitambaa. Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, maana ilibidi apatikane mtu wa kunihudumia mchana. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake wa kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani. Watoto wetu wako vyuoni. Mama yangu mzazi ni marehemu. Dada yangu anaishi kule Momela, na wakati ule mkwewe alikuwa amejifungua. Mke wangu alinitajia majina hayo yote kwa utaratibu, akiyafuta moja moja, na kabla hajamaliza nikajua anakoelekea.

"Nimeshampigia mama," akasema. "Anakuja kesho."

Sina budi kueleza. Mama mkwe wangu ni Mchaga wa Marangu, Mlutheri wa tangu tumboni, mrefu, mkimya, mwenye macho ya kupima. Kwetu Wameru, na kwao pia, mama mkwe ni mtu wa kusalimiwa ukiwa umefunga vifungo vyote. Hukai naye karibu, huli ukitazamana naye, na hata kicheko mbele yake unakipunguza. Miaka yote ya ndoa yangu mazungumzo yetu yalikuwa ni salamu, mvua, na hali ya ng'ombe. Tuliheshimiana mno, kiasi kwamba hatukujuana. Na sasa nilikuwa na mkono mmoja, na suruali yenye kifungo, zipu na mkanda.

Alifika na gunia la ndizi mshare, dumu la maziwa na kitabu chake cha nyimbo. Nikasimama. "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, baba. Mkono unaendeleaje?" huku akiitazama saa ya ukutani. Nikamwambia mkono unaendelea vizuri, nami nikiitazama saa hiyohiyo.

Siku za kwanza tuliishi kama nchi mbili jirani zenye mpaka. Alipika mtori mzito wa ndizi, akaniwekea mezani, kisha akageuza kiti chake kuelekea dirishani ili asinione nikihangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto. Nilishukuru kwa hilo. Ila masikio hakuweza kuyageuza. Kijiko kikinidondoka aliuliza, bila kugeuka, kama kimeingia chini ya meza au kiko karibu.

Mavazi ndiyo yalikuwa mtihani. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule mke wangu alinivalisha kamili, suruali na mkanda, kama anayefunga mzigo wa safari. Kujifungua niliweza, lakini kujifunga tena kwa mkono mmoja, wa kushoto, nilishindwa. Kwa hiyo nikabuni njia ya kutokwenda msalani mpaka mke wangu arudi, na njia ya kutokwenda ni kutokunywa. Nilikataa chai. Nilikataa uji. Mtori nilikula ule wa juu, mzito. Mama mkwe aliyajua yote hayo bila kugeuka kutoka dirishani, na jioni moja nilimsikia akimwambia mwanawe jikoni kwamba inaonekana hospitali wametengeneza bega wakaharibu figo.

Mke wangu aliponibana nikamweleza. Alicheka, akafungua kabati, akatoa dera lake la rangi ya chungwa lenye tausi kifuani na tausi mgongoni. Akasema dera halina zipu, halina mkanda, lina shingo pana, na mkono wangu utakaa ndani yake umening'inia bila bughudha. Nilikataa kama mwanamume. Kesho yake asubuhi, kiu ilipozidi, nikalivaa kama mgonjwa.

Nilitokea sebuleni nikijishikiza ukutani. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho, akatazama tausi wa mbele, akayarudisha macho kwenye ungo.

"Leo utakunywa chai," akasema.

Nilikunywa chai, nikanywa na uji, na kwa siku kadhaa maisha yakawa mepesi. Lazima nikiri kwamba dera ni vazi la maana, hewa inapita, na nilianza kuelewa kwa nini mke wangu akirudi kazini halivui.

Kisha wakaja wazee wa kanisa. Ilikuwa asubuhi, mbwa akabweka getini, nikachungulia nikamwona mwenyekiti yule wa mkutano akiwa na wenzake, wamevaa makoti, wameshika Biblia. Baada ya kura yangu ya kiwiko hawakuwahi kufika kwetu, na sasa walikuwa wanakuja kuniombea. Nilimwomba mama mkwe awakaribishe, nikaingia chumbani mbio, kadiri mtu mwenye dera anavyoweza kwenda mbio, nibadilishe nguo.

Nilidhani ni jambo jepesi. Nililishika dera kwa mkono wa kushoto nikalivuta juu, likapita tumboni, likapita kifuani, na lilipofika kichwani lesi ya shingoni ikanasa kwenye kibano cha ule mkanda unaoning'iniza mkono. Nikavuta, ikakaza. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwama ndani ya upande wake, umeelekea juu. Mkono wa kulia haukuwa na ruhusa ya kwenda popote. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba, kichwa ndani ya kitambaa, siioni dunia ila rangi ya chungwa. Namshukuru Mungu kwamba chini nilikuwa na kaptula.

Kupitia ukutani nilisikia wazee wakiulizwa habari za nyumbani, nao wakiuliza habari za Marangu. Nilisubiri nikitumaini muujiza. Haukuja. Nikaita kwa sauti ya chini, "Mama."

Mazungumzo yakakatika. Nikasikia ndara zake zikija, zikasimama mlangoni.

"Baba, uko salama?"

Nikamwambia nimenaswa.

Akauliza, "Una nguo nyingine ndani?"

"Nina kaptula, mama."

"Basi nafumba macho, naingia."

Aliingia, na nadhani kweli alikuwa amefumba, maana kitu cha kwanza nilichosikia ni goti lake likigonga kitanda. Alikuja akipapasa. Alishika nguzo ya kabati, akaiachia. Alinishika sikio kupitia kitambaa, akaomba radhi kwa sikio. Akanong'ona kuuliza limenasa bega lipi, nikasema la kulia, naye akauliza la kulia kwangu au la kulia kwake. Vidole vyake vikatafuta kile kibano, vikakivuta, na mimi nikauma meno nisipige kelele wazee wakasikia. Akasema hakitoki. Nikasikia akienda kwenye cherehani yangu iliyoko pembeni, na mlio nilioujua maisha yangu yote: mkasi wangu mkubwa wa kukatia mapazia, ukifunguka na kufunga, ukija upande wangu.

"Mama," nikasema, "tafadhali, fumbua macho."

Mkasi ukasimama. Nadhani alikuwa anatafakari heshima ni nini. Kisha nikasikia pumzi yake karibu yangu, baridi ya chuma ikapita shingoni, na kitambaa kikapasuka kwa mstari mmoja ulionyooka kuanzia kwenye lesi mpaka chini. Tausi wakaachana. Dera likaanguka miguuni, na mimi na mama mkwe wangu tukatazamana usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Ana alama ndogo juu ya nyusi ambayo sikuwahi kujua kama ipo.

Hakugeuka. Alikuwa analiangalia bega langu, zile plasta ndogo.

"Kumbe ni vitundu tu," akasema, kama mtu aliyepunjwa. "Mimi nilifikiri wamekupasua kama papai."

Baada ya hapo alifanya kazi kama mtu mwenye wageni sebuleni. Alinivika shati, mkono mmoja ndani na mmoja ukibaki chini yake, akafunga vifungo. Suruali aliishika nikaingia, akafunga kifungo, zipu akaniachia mwenyewe, na mkanda aliukaza kama anafunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Akanitazama, akanilainisha nywele kwa kiganja, akatangulia.

Nilipofika sebuleni niliwakuta wazee wamesimama, wameinamisha vichwa. Mama mkwe alikuwa amewaambia nilikuwa kwenye maombi, na kwamba zile sauti walizosikia zilikuwa za kujitoa kwa Mungu. Mwenyekiti akanishika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. Aliniombea bega, kisha akaomba Mungu ailainishe mioyo inayopinga maendeleo ya kanisa. Tulipoketi nikamweleza kwamba siku ile ya ng'ombe sikupinga, ni mkono ndio haukupanda. Alitabasamu kama watu wanavyotabasamu kwa mtu anayejitetea. Ndipo mama mkwe, ambaye alikuwa anamimina chai, akasema bila kuinua kichwa kwamba amelishuhudia bega hilo kwa macho yake na haliwezi kupinga chochote. Mwenyekiti aliliangalia bega, akamwangalia mama, akasema kama ni hivyo basi mkutano ujao atalisahihisha. Mchungaji alikuwa ameshaondoka na ng'ombe wake, na nasikia ng'ombe ameshazaa.

Jioni mke wangu alilikuta dera lake limekunjwa vizuri kitandani, limepasuliwa toka juu mpaka chini. Alipohadithiwa alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia, na mama yake alisimama pembeni akimwambia kwamba si jambo la kucheka, mumewe angeweza kukosa hewa.

Mpaka ule kati ya nchi mbili ulikuwa umefutika. Hakugeuza tena kiti kuelekea dirishani. Alikaa nami mezani, na kijiko kikidondoka alikiokota, akanipa kingine.

Muda si mrefu nikaanza mazoezi. Mtaalamu wa viungo alinipa zoezi moja la kamba: unapitisha kamba juu ya mlango, unashika ncha zote mbili, mkono mzima unavuta chini na mkono mgonjwa unapandishwa taratibu bila kujitutumua. Nikaona hilo ni jambo la taaluma yangu. Nilimwelekeza kijana wangu wa dukani akafunga juu ya fremu ya mlango wa sebuleni kigurudumu kinachotumika kwenye mapazia makubwa ya kumbi, kamba ikawa inateleza kama imepakwa samli.

Mama mkwe aliniangalia nikivuta kwa asubuhi kadhaa. Kisha siku moja, akiwa anakausha vyombo, akasema kwamba yeye bega lake la kushoto halipandi. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani. Kitambaa cha kichwani, akaniambia, anakifunga kwa kuinamia meza mpaka kichwa kifike mikono ilipo. Hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu nyumbani kwake wakimjua anaumwa watamzuia kwenda shamba. Nilipokwenda kliniki nilimchukua. Mtaalamu alimkagua, akamgeuza mkono huku na huku, akasema lake si la kupasua, ni la kufanyiwa mazoezi kwa upole, na kamba ileile inamfaa.

Kamba ilikuwa moja na sisi wawili. Yeye ndiye aliyetoa wazo. Aliweka kigoda chake barazani nje ya mlango, mimi kiti changu ndani, mlango umerudishwa mpaka ukabaki upenyo wa kamba. Nikivuta kwa mkono wangu mzima, mkono wake mgonjwa unapanda. Akivuta yeye, unapanda wangu. Hatukuonana, tuliona kamba tu ikienda na kurudi, na pengine kwa sababu hiyo tulizungumza. Alinieleza mambo mengi kupitia ule upenyo: bei ambayo babu yake alikataa kuuzia kahawa, mchumba aliyemkataa kwa sababu ya meno, na habari ya siku wazee wangu walipokwenda Marangu kuposa.

"Nilisema hapana," akasema, huku mkono wangu ukipanda. "Nilisema fundi pazia kazi yake ni kuficha watu wasionekane. Binti yangu nimemsomesha aonekane."

Nikauliza basi nini kilimfanya akubali.

"Sikukubali. Aliyekubali ni baba mkwe wako. Mimi nilikuja harusini tu."

Nilivuta. Nikamsikia akiguna kidogo mkono wake ulipofika pale katikati palipo na vita, ukapita. Akashusha pumzi.

"Nilikubali baadaye," akaongeza. Nilimuuliza lini, akaniambia nivute.

Mke wangu alianza kulalamika kwamba akirudi kutoka shule anatukuta bado tuko mlangoni, chai haijawekwa, na yeye haruhusiwi kupita mpaka zamu iishe. Alipitia mlango wa jikoni. Mkanda wa kuning'iniza mkono nikauvua, nikaanza kula kwa mkono wa kulia, na hapo mama mkwe akatangaza kwamba ndizi zake kule Marangu hazijui habari ya bega la mtu, akafunga mzigo wake. Tulimsindikiza stendi. Alinipa mkono, kisha akaushikilia, akauinua mbele ya abiria wote mpaka juu ya kichwa changu na kuurudisha chini, kama anayekagua mpini wa pampu ya maji. Akaridhika, akapanda.

Nilirudi kazini polepole. Drili siku hizi naishika mara chache, naye kijana wangu ndiye anayepanda ngazi. Mimi nasimama chini namwelekeza, na mapazia ya wateja yamerudi mahali pake. Yule mama wa Engutoto alipoona hivyo alitaka la kwake lipandishwe pia. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, wingu likikaa siku nzima kwenye Mlima Meru, bega linaguna kidogo asubuhi na kisha linaniacha. Kuna mlio linatoa, kama kokoto inayokanyagwa, ambao daktari amesema nisiusikilize.

Krismasi tulikwenda Marangu kama Wachaga wote na waliowaoa. Wakwe tulikaa nje kwenye majani, mahali petu, tukisubiri nyama, tukizungumza kwa sauti za heshima. Mama mkwe akatoka jikoni, akasimama, kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri kwa nyuma, akaniita mimi. Wenzangu walitazamana. Mwanamume kuitwa jikoni na mama mkwe ni jambo ambalo hata mkubwa wao, aliyeoa kabla ya sisi wote, hakuwahi kulisikia.

Nikaingia. Alinionyesha kwa kidevu sufuria kubwa la supu lililokuwa kwenye rafu ya juu kabisa, juu ya magunia.

"Kwa mkono ule," akasema.

Niliunyoosha mkono wa kulia. Ulipita kifuani, ukapita pale katikati, ukatoa ule mlio wa kokoto, na wajukuu waliokuwa wanamenya ndizi wakageuka kutazama. Nikalishika sufuria, nikalishusha. Lilikuwa na masizi, nikachafuka shati lote la sikukuu. Mama mkwe akalipokea, akachungulia ndani, akasema lioshwe vizuri, panya walikuwa wamelala humo.